Uvimbe Uliotolewa Kabla ya Kujulikana

Uvimbe wa pajani usiouma huonekana jambo dogo. Mgonjwa huambiwa ni mafuta, hupigwa ganzi, uvimbe hutolewa, naye hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mara nyingi huwa ni mafuta kweli. Balaa huja pale unapokuwa sarkoma, yaani saratani ya tishu laini kama vile misuli na mafuta.

Sarkoma ni danganyifu. Inapokua huzisukuma tishu jirani hata zikafanya mfano wa ganda, na mpasuaji huona mpaka safi ambao kwa hakika haupo, kwani seli za saratani zimo katika ganda lenyewe na nje yake. Katika tafiti nyingi, theluthi moja hadi theluthi mbili ya wagonjwa waliopasuliwa upya walikutwa na mabaki ya saratani, wengine hata pale picha ya MRI ilipokuwa haikuonyesha kitu. Hao ndio ambao ugonjwa huwarudia zaidi mahali palepale.

Je, mguu ukatwe? Kwa wengi, la. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1982, ingawa ulikuwa na wagonjwa 43 tu, ulionyesha kuwa kuhifadhi kiungo na kuongeza mionzi hakukupunguza uhai kuliko kukikata. Lakini upasuaji wa pili una gharama yake: kovu lote na kila mahali kisu kilipopita sharti viondolewe, pamoja na tishu zilizoloa damu iliyovuja, na huenda ngozi ikapandikizwa. Kovu lililokingama huongeza eneo hilo. Wenzangu wa hospitali za wilaya, mpasuo wa mkono au mguu ufuate urefu wa kiungo.

Uvimbe unaozidi sentimita 5, unaokua, uliozama ndani ya misuli, au uliorudi baada ya kutolewa, usipasuliwe kabla ya picha na kipimo cha kinyama. Na kila uvimbe uliotolewa, hata ukifanana na mafuta, uwekwe katika fomalini na upelekwe patholojia. Ndoo ya taka si maabara.

Mgonjwa naye aulize kinyama chake kimepelekwa wapi na majibu yatatoka lini. Yakija kuwa ni sarkoma, asingoje uvimbe urudi, hata kidonda kikiwa kimepona vizuri. Aende mapema kwa bingwa wa saratani, akichukua ripoti ya upasuaji, picha zote, na sampuli zilizohifadhiwa maabara.