Fundi wa AC: Usiangalie Bei Tu

Wafanyabiashara wenzangu, Oktoba ya Tabora mnaijua. Mwaka jana AC ya stoo yangu ya nyumbani ilikuwa haipoozi. Fundi akaongeza gesi mara mbili, mara zote nikalipa. Mafuta ya mgando yakayeyuka, mteja wa Kigoma akarudisha oda.

Jamani, gesi ya AC haiishi kama petroli ya bodaboda. Ikipungua, ujue inavuja!

Nilipobadilisha mashine nikachagua fundi hivi:

1. Apime chumba, aulize jua linapigia wapi.
2. Awe na pampu ya kunyonya hewa kwenye mabomba kabla ya kufungulia gesi.
3. Wa umeme awe na leseni ya EWURA.
4. Garanti iandikwe.

Hela ya mwisho toa ikishapooza.

Wewe wako ulimpataje?