Maktaba Inapobadili Leseni: Miradi Huria na Kisa cha Akka

Sehemu kubwa ya kazi za programu yoyote ya leo hufanywa na maktaba, yaani vifurushi vya msimbo vilivyokwisha kuandikwa na watu wengine, ambavyo msanidi huviingiza katika kazi yake ili asianze kila kitu upya. Katika miradi huria, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza, vifurushi hivyo huunganishwa kwa nguvu ya leseni, ambayo ni idhini ya maandishi inayoeleza mwenye hakimiliki anaruhusu nini na kwa masharti gani. Mwenye maktaba akiibadili leseni hiyo, mradi unaoitegemea hulazimika kuyafungua tena mambo uliyodhani yamekwisha kuamuliwa, na kisa cha Akka kinaonyesha kwamba sheria ndiyo sehemu nyepesi ya uamuzi huo, kwa kuwa uzito wake umo katika muda na katika idadi ya watu walio tayari kufanya kazi.

Akka ni maktaba ya lugha za Scala na Java iliyoanzishwa na Jonas Bonér mwaka 2009, nayo huziwezesha sehemu nyingi za programu, hata zikiwa katika kompyuta tofauti, kufanya kazi kwa wakati mmoja kwa kupelekeana ujumbe. Kwa miaka mingi ilitolewa kwa Leseni ya Apache 2.0, inayomruhusu hata mfanyabiashara kuitumia bila malipo ilimradi azihifadhi taarifa za hakimiliki. Septemba 2022 kampuni ya Lightbend, iliyokuwa ikiimiliki, ilitangaza kwamba kuanzia toleo la 2.7 Akka itakuwa chini ya leseni iitwayo BSL, iliyobuniwa na kampuni ya MariaDB, ambayo huuacha msimbo uonekane na ujaribiwe bure, lakini huweka mipaka katika matumizi ya uzalishaji. Kwa upande wa Akka, kampuni zenye mapato yanayozidi dola milioni 25 za Marekani kwa mwaka zilitakiwa kulipia. Lightbend ilieleza kwamba mzigo wa kuitunza Akka umeielemea kampuni moja huku mashirika makubwa yakinufaika bila kuchangia, na hoja hiyo haifai kubezwa, kwa sababu mishahara ya wasanidi haina budi kutoka mahali fulani. Hata hivyo, waliochangia msimbo walikuwa wametia saini makubaliano yaliyoipa kampuni haki pana juu ya michango yao, kiasi kwamba haikulazimika kumwomba kila mmoja idhini upya. Jambo hili mradi wowote ungeweza kulichunguza mapema, kabla ya kuijenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mtu mmoja.

Mabadiliko ya namna hii hayarudi nyuma, kwani toleo la 2.6 lililokwisha kutolewa kwa Leseni ya Apache lilibaki na leseni hiyo. Lakini uhalali wa toleo si sawa na uhai wake: Lightbend iliahidi kulirekebisha toleo hilo kwa kasoro kubwa za usalama hadi Septemba 2023 tu, kwa hiyo waliobaki nalo walikuwa na takriban mwaka mmoja kabla ya kubeba wenyewe kila hatari itakayogunduliwa. Muda huo ulihitaji kulindwa, maana zana zinazopandisha matoleo ya maktaba zenyewe zingeweza kuvuka kutoka 2.6 hadi 2.7 bila mtu kutambua kwamba masharti yamebadilika pamoja na namba. Isitoshe, wapo waliokuwa wakiitumia Akka bila kuichagua, kwa sababu ililetwa na maktaba nyingine waliyoichagua, hivyo hatua ya kwanza ya busara ni kufunga namba ya toleo na kuorodhesha utegemezi wote, hata ule usio wa moja kwa moja.

Kwa Apache Flink, mradi huria wa kuchakata data inayotiririka bila kukoma, hata kulipa kusingekuwa suluhisho. Flink iliitumia Akka katika mawasiliano kati ya sehemu zake za ndani, na sera ya wakfu wa Apache Software Foundation, ambao ndio mlezi wake, hairuhusu miradi yake kubeba maktaba zenye masharti yanayombana mtumiaji kuliko Leseni ya Apache yenyewe. Kundi la leseni zilizokatazwa huitwa X, na BSL imo humo. Sera hiyo huonekana kali, ila inatenda haki, kwa sababu anayeipakua Flink akiamini kwamba ni huria hapaswi kugundua baadaye kwamba kijisehemu kimoja ndani yake kinamdai ada.

Ilibaki njia ya kuunakili msimbo wa mwisho uliokuwa huria na kuuendeleza kama mradi unaojitegemea, njia ambayo leseni huria humhakikishia kila mtu, ingawa haina maana pasipo watu wa kuutunza msimbo huo mwaka hadi mwaka. Oktoba 2022 mradi wa Apache Pekko uliingia katika malezi ya wakfu huo ukitokana na Akka 2.6, na toleo lake la 1.0 lilitoka Julai 2023. Kazi ya wanaohamia haikuwa ya kubadili namba tu, kwa kuwa majina ya vifurushi na ya mipangilio yalibadilika pia, hivyo kila faili iliyoitaja Akka ilihitaji kupitiwa. Flink ilinufaika kwa kuwa ilikuwa imeificha Akka nyuma ya tabaka lake la mawasiliano, badala ya kuitawanya katika msimbo mzima. Toleo la 1.18 la Flink, la Oktoba 2023, lilitoka likitumia Pekko. Mwezi huohuo Play Framework, inayotumika kujenga tovuti, ilitoa matoleo mawili kwa pamoja, 2.9 lililobaki na Akka na 3.0 lililohamia Pekko, ili kila mtumiaji ahame kwa wakati wake.

Akka nayo haikufungwa milele, kwani kwa masharti ya Lightbend yenyewe kila toleo lililo chini ya BSL hurudi kwenye Leseni ya Apache 2.0 miaka 3 baada ya kutolewa, na siku hiyo ikifika watunzaji wa Pekko wana haki ya kuuchukua msimbo wake wakiona unawafaa.