Ndege ya Vita Isiyoomba Uwanja

Asubuhi ya tarehe 25 Januari 1964 helikopta zilipaa kutoka manowari ya Uingereza, HMS Centaur, iliyokuwa baharini karibu na Dar es Salaam, zikatua katika kiwanja cha mpira kando ya kambi ya Colito, ambayo siku hizi ni Lugalo. Makomandoo walioshuka humo waliyazima maasi ya askari wa Tanganyika Rifles yaliyoanza siku tano kabla. Waingereza wale walikuja kwa kuombwa na serikali ya Mwalimu Nyerere, na hilo lisisahauliwe. Hata hivyo jambo lilikuwa limeonekana: mwenye meli na chombo kinachopaa wima hana haja ya kushika kwanza uwanja wa ndege wa mtu.

Kasoro ya helikopta ni uzito wa mwendo wake. Kwa hiyo mataifa makubwa yalitaka jeti yenye mbio za jeti na utuaji wa helikopta. Wafaransa walijaribu kuipachika ndege yao ya Balzac injini nane ndogo za kuinulia, mbali na ile ya kusukumia mbele. Ilianguka Januari 1964, ikaanguka tena Septemba 1965, na kila mara ikaua rubani. Na hata ingesalimika, injini nane hizo zingekuwa mzigo mtupu mara ndege ishikapo safari.

Jawabu lililofaa lilitokana na wazo la Mfaransa mwingine, Michel Wibault, ambalo Waingereza walilichukua na kulitengeneza upya. Injini ni moja tu, iitwayo Pegasus, nayo hutoa upepo wake kupitia midomo minne inayozunguka. Midomo ikielekezwa chini, ndege huinuka. Ikigeuzwa nyuma polepole, ndege hukimbia. Oktoba 1960 ndege ya majaribio, P.1127, iliinuka ikiwa imefungwa kwa kamba kama mbuzi. Mtoto wake, Harrier, aliingia jeshini mwaka 1969, na Wanamaji wa Marekani wakainunua punde baadaye.

Warusi nao walitoa Yak-38, yenye injini mbili za kuinulia nyuma ya rubani pamoja na ile kubwa. Injini moja ikizimika wakati wa kutua, ndege hupinduka kabla mtu hajafumba jicho, ndiyo maana kiti chake kilimrusha rubani nje bila kumngoja avute chochote. Mimi nisingependa kukikalia. Iliachwa mwanzoni mwa miaka ya tisini.

Sasa tuseme Harrier imeletwa Jorodom, kule Hanang. Je, itapaa wima? Hapa ndipo penye siri ambayo picha za sinema hazisemi. Ndege yoyote ya namna hii hubebwa na nguvu ya injini peke yake, mabawa hayasaidii kitu mpaka ianze kukimbia. Harrier ya Wamarekani ikipewa nafasi ya kukimbia kidogo huweza kuondoka na uzito wa tani 14, lakini ikipaa wima haivuki tani 9 na nusu hivi. Tofauti hiyo ndiyo mafuta na mabomu. Na hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari. Katika mwinuko wa mita 2,000 hewa huwa nyepesi kwa karibu moja ya tano, injini hupata pumzi kidogo, na nguvu hupungua. Ongeza jua la mchana, kisha lile vumbi la kiangazi ambalo upepo wa injini hulitifua na injini yenyewe kulimeza. Rubani angebaki na mafuta ya kuzunguka Mlima Hanang na kurudi!

Ndiyo sababu maskani yake hasa yamekuwa meli. Katika vita vya Falklands, mwaka 1982, Sea Harrier zilikimbia mbio fupi juu ya meli, zikarushwa na sakafu iliyoinuliwa mbele kama kilima, kisha zikarudi nyepesi na kutua wima. Hakuna hata moja iliyoangushwa na ndege za Argentina, ingawa baadhi zilipotea kwa mizinga ya ardhini na ajali.

Uingereza iliziweka kando Harrier zake mwaka 2010. Mrithi ni F-35B ya Marekani, iliyoanza kazi jeshini mwaka 2015. Hiyo ina feni kubwa nyuma ya rubani, inayozungushwa na injini kuu kwa mhimili wa chuma, na mdomo wa nyuma unaokunjwa kuelekea chini. Feni hiyo nayo ni mzigo mtupu ndege ikiwa safarini, kama zile injini nane za Wafaransa, ila ni mzigo mmoja.

Tumeshaiona jirani. Kuanzia Desemba 2020 hadi Januari 2021, Marekani ilipokuwa ikiwaondoa askari wake wapatao 700 kutoka Somalia, wengi wao wakipelekwa nchi za jirani, F-35B ziliruka juu ya Somalia kuwalinda. Uwanja wao ulikuwa manowari USS Makin Island, ukielea katika Bahari ya Hindi.