Selimundu: Uuguzi Ulio Mikononi Mwetu

Mtoto mwenye selimundu akishikwa na maumivu, hana jeraha la kumwonesha nesi. Hakuvunjika mfupa, hakuungua, na huenda hata joto la mwili wake likawa la kawaida. Ana neno lake tu: "Naumwa." Kumbe ndani ya paja lake damu imekwama kwenye mishipa midogo, na kipande cha mfupa kinakosa oksijeni. Wapo akina mama wenye ugonjwa huu wanaosema uchungu wa kuzaa haufikii maumivu hayo.

Sisi tunaowauguza watoto hawa tunajua jambo ambalo ningependa kila mzazi na kila muuguzi wa zahanati alishike. Maisha yao huokolewa zaidi na mambo madogo yanayofanywa kwa wakati: kumwamini anayesema anaumwa, kumpima joto, kumpapasa tumbo, kumpa dawa yake kila siku. Karibu yote hayo yamo ndani ya uwezo wa zahanati na wa nyumba ya kawaida. Yakicheleweshwa, hata hospitali kubwa hupata shida kuyafidia.

Kinachotokea ndani ya damu

Selimundu, ambayo wengi wetu tunaiita siko seli, ni ugonjwa wa kurithi. Chembe nyekundu za damu husafirisha oksijeni kwa kutumia himoglobini. Himoglobini ya mgonjwa huyu ina kasoro ndogo sana: katika mnyororo wake mmoja, asidi amino moja imekaa mahali pa nyingine. Oksijeni inapopungua, chembe hizo hujipinda zikawa na umbo la mundu, zikakakamaa na kunasa kwenye mishipa midogo. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, ila hii huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo sababu mtoto huyu ana upungufu wa damu wakati wote, na macho yake mara nyingi ni ya manjano. Chembe zinapovunjika kwa wingi huacha rangi ambayo ini haliwahi kuimaliza. Watu wakiyaona macho hayo hudhani ni homa ya ini, wakaogopa hata kula naye sinia moja. Selimundu haiambukizi.

Ugonjwa huja kwa kurithi kasoro hiyo kutoka kwa baba na mama pamoja. Mwenye kinasaba kimoja tu si mgonjwa, ni mbebaji, na wengi huishi hadi uzeeni bila kujua. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa, asilimia 50 wa kupata mbebaji, na asilimia 25 wa kupata mtoto asiye nacho kabisa. Hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba, hivyo mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa hajamkinga wa pili. Na mume anayemtupia mkewe lawama kwa "kuleta" ugonjwa nyumbani ajue kwamba nusu yake imetoka kwake.

Kinasaba hiki kimeenea kwetu kwa sababu ya malaria. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aligundua kwamba wabebaji walikuwa wengi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mbebaji ana kinga dhidi ya malaria kali. Mtoto aliyerithi vinasaba viwili hawezi kuitegemea kinga hiyo, maana malaria ikimpata humaliza haraka damu kidogo aliyo nayo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa zaidi duniani. Inakadiriwa kwamba watoto zaidi ya 10,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, na wengi wa wasiogunduliwa mapema hufa kabla ya kutimiza miaka mitano, pengine jina la ugonjwa wao halijawahi kuandikwa kwenye cheti chochote.

Dalili huanza kujitokeza mtoto anapofika miezi sita hivi, kwa kuwa kabla ya hapo bado ana himoglobini ya tumboni, ambayo haina kasoro hiyo. Mara nyingi dalili ya kwanza ni vidole vya mikono na miguu kuvimba ghafla pande zote mbili, na mtoto kulia akiguswa. Familia nyingi hudhani ameumwa na mdudu au ametupiwa jicho baya. Muuguzi wa kliniki ya watoto akiona mikono hiyo asiiache iondoke bila kipimo cha damu.

Maumivu yaaminiwe

Mgonjwa akifika na maumivu makali, saa ya ukutani imekwisha kuanza kazi. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wa mwaka 2012 unataka apate dawa ya kwanza ndani ya dakika 30 tangu afike, na apimwe tena kila dakika 30 mpaka apate nafuu. Ratiba hiyo haihitaji chombo chochote isipokuwa saa, kalamu na muuguzi aliyeamua kuifuata.

Maumivu hupimwa kwa kumuuliza mwenyewe. Mtu mzima hutaja namba kuanzia 0 hadi 10. Mtoto mdogo huoneshwa nyuso sita zilizochorwa, kuanzia inayotabasamu hadi inayolia, akagusa ile inayofanana na anavyojisikia. Nyuso hizo zilibuniwa Marekani katika miaka ya 1980 na muuguzi wa watoto Donna Wong pamoja na mwenzake Connie Baker. Mtoto akigusa uso wa 8, muuguzi aandike 8, hata kama anamwona ametulia akitazama simu. Aliyekua na maumivu tangu utotoni hujifunza kunyamaza, kujishughulisha, hata kusinzia yakiwa yanamla. Utulivu wake si kipimo.

Wodini hupita maneno kama "huyu amezoea sindano." Maneno hayo yanaumiza, na yanaua. Kijana aliyewahi kuambiwa hivyo, maumivu yakirudi hubaki nyumbani hadi kifua kimebana na ameishiwa pumzi. Hofu ya morfini isiwe sababu ya kumnyima mtu nafuu. Kazi ya muuguzi ni kuitoa kwa kipimo, kuhesabu pumzi za mgonjwa, kuangalia kama anaamka akiitwa, na kumpa mapema dawa ya kulainisha choo. Uganda iliruhusu tangu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika morfini ya kunywa, na hatua hiyo imewafikishia nafuu wagonjwa wa vijijini ambao hawajawahi kuonana na daktari. Pethidini, ambayo bado imezoeleka katika hospitali nyingi, haifai kwa wagonjwa hawa, maana mabaki yake mwilini yanaweza kuleta degedege.

Pamoja na dawa kuna maji na joto. Anayeweza kunywa anyweshwe. Dripu ni ya asiyeweza, tena kwa kipimo, kwa sababu maji yakizidi hujaa kwenye mapafu. Mahali panapouma pawekwe kitambaa cha uvuguvugu. Barafu ni mwiko, kwani baridi huibana mishipa iliyokwisha kuziba. Na mgonjwa anayelala tuli kwa sababu ya maumivu ya mbavu au mgongo hupumua kijuujuu, mapafu yakaanza kusinyaa na kuugua. Mwambie avute pumzi 10 za kina kila baada ya saa mbili akiwa macho. Hospitali zenye kifaa maalumu hukitumia, na pasipo nacho watoto hupewa baluni au mapovu ya kupuliza, maana kabla ya kupuliza lazima wavute hewa. Akianza kukohoa, kifua kikamuuma au akahema haraka, daktari aitwe papo hapo.

Homa haingoji kukuche

Bandama ndiyo inayochuja vijidudu kwenye damu. Kwa mtoto mwenye selimundu huharibika katika miaka ya mwanzo kabisa ya maisha, akabaki bila mlinzi dhidi ya bakteria wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Mtoto anaweza kuanza homa jioni na kufariki kabla ya adhuhuri ya siku inayofuata.

Kwa hiyo kila nyumba yenye mtoto huyu iwe na kipimajoto. Joto likifika nyuzi 38.5, ni safari ya hospitali, hata kama ni usiku wa manane. Kumpa panadoli na kusubiri kukuche ni hatari. Mapokezi, mzazi aseme neno la kwanza kabisa: "Mtoto huyu ana siko seli." Muuguzi naye asimpange foleni. Sampuli za damu zichukuliwe, na antibayotiki ya kwanza itolewe bila kungoja majibu. Malaria ipimwe, ila kuikuta malaria hakuondoi uwezekano wa bakteria. Watoto wengi wamepotea kwa sababu kipimo cha malaria kilisoma chanya na uchunguzi ukaishia hapo.

Mkono juu ya tumbo

Wakati mwingine bandama hugeuka kuwa mtego. Damu huingia isitoke, na ndani ya saa chache mtoto amepauka, amelegea, na upande wa kushoto wa tumbo umejaa. Anahitaji kuongezewa damu mara moja.

Huko Jamaica, Graham Serjeant na wenzake waliamua kuwafundisha wazazi kuipapasa bandama wenyewe. Kwa mujibu wa taarifa yao ya mwaka 1985, matukio yaliyogunduliwa yaliongezeka zaidi ya mara mbili, kwa sababu sasa yalionekana mapema, na vifo vikashuka kutoka karibu 29 hadi karibu 3 kwa kila matukio 100. Hospitali haikupata mashine mpya. Kilichoongezeka ni mikono iliyofundishwa.

Somo lenyewe tunalifanya hivi. Mtoto analala chali, magoti yamekunjwa kidogo ili tumbo lilegee. Mama anakaa upande wa kulia wa mtoto, analaza vidole vyake karibu na kitovu, kisha anavisogeza polepole kuelekea mbavu za kushoto, akibonyeza kwa upole mtoto anapovuta pumzi. "Mama, hapo, umeisikia?" Kama bandama imevuka mbavu, atagusa ukingo mgumu unaoteleza chini ya vidole. Anapima umbali wake kutoka mbavuni kwa upana wa vidole, au anaweka alama kwenye kijiti bapa, na kuandika kwenye daftari la mtoto. Afanye hivyo kila siku wakati wa kumwogesha. Siku ukingo utakaposhuka kuliko alama ya jana, na mtoto amepauka, asingojee kuongea na mtu. Aende.

Zipo ishara nyingine zisizosubiri. Mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu ghafla au maneno kugongana ni kiharusi, hata kwa mtoto wa miaka minne. Mvulana ambaye uume umesimama kwa maumivu bila kulala ana dharura. Hali hiyo ikidumu zaidi ya saa nne anaweza kupata madhara ya kudumu. Wavulana huificha kwa aibu, basi muuguzi aizungumze mapema, faraghani, pamoja na baba yake au mjomba.

Dawa za kila siku

Mwaka 1986 utafiti wa Marekani ulioongozwa na Marilyn Gaston ulionesha kwamba penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku ilipunguza maambukizi hatari kwa watoto hawa kwa asilimia 84. Matokeo yalikuwa wazi kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, ili watoto wote wapate dawa. Penisilini hiyo hutolewa walau hadi miaka mitano. Pamoja nayo kuna foliki asidi, chandarua, dawa ya kukinga malaria kadiri ya mwongozo wa nchi, na chanjo zote bila kuruka hata moja.

Kisha kuna haidroksiyurea, ambayo huurudisha mwili kutengeneza himoglobini ile ya tumboni. Utafiti wa watoto 606 katika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, uliotolewa mwishoni mwa mwaka 2018, ulikuta kwamba dawa hii ilipunguza maumivu, maambukizi, malaria, haja ya kuongezewa damu, na vifo. Muuguzi ndiye anayeifanya ifanye kazi: anafuatilia kipimo cha damu, anauliza vidonge vilivyorukwa bila kugombeza, na anamweleza binti aliyekua kwamba azungumze na daktari kabla ya kupata mimba. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kupandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu, na tiba ya vinasaba iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023 kwa bei inayofikia dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja huko Marekani. Tuzifurahie habari hizo na kuzidai. Ila mtoto aliye kliniki wiki hii atafika kwenye tiba hizo ikiwa tu penisilini yake haikukatika.

Na mtoto hawezi kupewa penisilini kabla ya kujulikana. Vipo vipimo vya haraka vinavyohitaji tone la damu na kutoa jibu ndani ya dakika chache. Vinapaswa kuwepo katika kila wodi ya wazazi, kama vilivyo vya virusi vya ukimwi. Mpaka vifike kila mahali, mzazi mwenye mtoto anayepauka, anayevimba vidole au mwenye macho ya manjano aombe kipimo hicho kwa jina. Na kama mtoto wako amekwisha kugunduliwa, siku ya kliniki ijayo usiondoke na dawa peke yake. Mwambie nesi akushike mkono, akuoneshe bandama iko wapi, na urudie mbele yake mpaka aridhike kwamba umeipata.