Mti Uliovunjwa na Upepo: Ukatwe au Uachwe?

Mvua za vuli huku Ngara na Biharamulo mara nyingi hutanguliwa na upepo mkali. Asubuhi yake, msituni utakuta mninga uliopasuka tawi, au mti mwingine wa miombo umeinama, udongo umeinuka shinani. Anayepita na shoka huwa ameshauhesabu kuwa kuni au magunia ya mkaa. Namwomba asubiri.

Atazame mizizi kabla ya matawi. Mti uliopoteza nusu ya matawi yake huweza kuchipua tena mvua zikikolea. Ila ule ambao udongo wake umepasuka na kuinuka upande wa nyuma ya mwinamo, mizizi imekatika, na upepo mwingine utaulaza. Ufa mrefu unaoshuka kwenye shina nao ni dalili mbaya. Pango ndani ya shina, lakini, huwatisha watu kupita kiasi. Maji hupandia kwenye tabaka la nje, karibu na gome. Kiini ni mbao iliyokwisha kufa hata kwa mti wenye afya. Ukuta ukiwa mnene, mti wenye pango huishi miaka mingi, na humo hukaa nyuki, hondohondo na komba.

Halafu aulize: ukianguka, utamwangukia nani? Penye njia ya watoto wa shule, nyumba au kisima, ukatwe, sina ubishi. Katikati ya pori uachwe. Mara nyingine inatosha kushusha tawi linaloning'inia. Kazi hiyo apewe mzoefu, kwa sababu mti uliopinda huweza kupasuka ghafla ukatwapo na kumrudia mkataji.

Kuangushwa na upepo hakuutoi mti mikononi mwa Sheria ya Misitu ya 2002. Kwenye hifadhi ya serikali kuu wenye kauli ni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kwenye msitu wa kijiji, serikali ya kijiji. Kabla ya kuuchana mbao mninga uliolala, nenda kwanza ofisini kwa mtendaji wa kijiji.

Ngara ina sababu yake ya kuhesabu kila mti. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 hivi, wakakaa katika kambi ya Benaco, humu Ngara. Walihitaji kupika na kujenga, na kuni zilikuwa msituni tu. Hapo ikabidi miti isiyoruhusiwa kuguswa iwekewe alama. Nauheshimu sana uamuzi ule: watu walikuwa katika dhiki kubwa, na bado kuna aliyesimama akachagua mti wa kubaki.

Uzuri wa miombo ni kwamba huchipua kutoka kwenye visiki na mizizi. Basi, ikibidi kukata, kata chini, kwa msumeno au shoka kali, gome lisichanike. Usichimbue kisiki kwa ajili ya mkaa. Machipukizi yatakuja mengi. Acha mawili au matatu yaliyonyooka, punguza mengine. Kisha fyeka nyasi kuzunguka kisiki kabla ya Juni, maana moto wa kiangazi ukipita hapo, machipukizi machanga ndiyo ya kwanza kuungua.