Rachel Mwanza: walimuita mulozi, akashinda Berlin

Rachel Mwanza alizaliwa Mbuji-Mayi, mji wa wachimba almasi. Angali mdogo, familia ilihamia Kinshasa. Shida ilipozidi nyumbani, wakamsingizia bulozi na kumfukuza. Akalala barabarani na mashege wengine, bila masomo.

Kim Nguyen, mtengeneza filme wa Kanada, akamchagua acheze Komona mu filme Rebelle: mtoto wa miaka 12 anayekamatwa na waasi na kupewa bunduki. Februari 2012, kule Berlin, alipata Ours d'Argent, zawadi ya mwigizaji mwanamke bora. Mwaka 2013 filme ile ikawa kati ya tano zilizoshindania Oscar ya filme za kigeni. Kisha kazi ile akaingia masomoni, akajifunza kusoma. 2014 kitabu cha maisha yake kikatoka.

Wandugu wachimbaji, habari ya Komona sisi wa Masisi na Walikale twaijua. Tushike hii ya Rachel. Bei ya koltani ikishuka, ao shimo likikosa kitu, si mtoto ndiye ameroga. Tusimfukuze. Nafasi yake ni masomoni, si shimoni, si porini.