Kitabu Kinachohoji Nambari

Kila mwaka, kati ya Septemba na Oktoba, wakulima wa chai wa Meru na Embu husubiri jedwali moja. Lina majina ya viwanda: Imenti, Githongo, Kinoro, Kionyo, Michimikuru, Mungania, Rukuriri. Mkabala wa kila jina kuna shilingi, bonasi ya kila kilo ya majani mabichi yaliyopelekwa kituoni mwaka mzima hadi mwisho wa Juni. Likishatoka, jedwali hilo hupita kutoka simu moja hadi nyingine, na watu hulisoma kama msimamo wa ligi. Mkulima wa Imenti hutafuta Imenti kwanza, kisha macho yanahamia kwa jirani. "Mzee, Mungania wamepata ngapi?" Basi mjadala umeanza: mvua, meneja, uchumaji, mnada wa Mombasa, bei ya kuni. Jedwali lenyewe linanyamaza.

Je, wajua kwamba kuna aina ya kitabu kilichotungwa kwa ajili ya mjadala wa namna hiyo hasa? Hutoka mara moja kwa mwaka, takwimu na insha zikiwa zimechanganyika humo, na mashabiki wa besiboli nchini Marekani hukingoja kama bonasi.

Besiboli huhesabika kwa urahisi kuliko soka. Soka hutiririka. Katika besiboli mrushaji anarusha, mwenye gongo anapiga au anakosa, walinzi wanakimbilia mpira, kisha wote wanatulia. Kila tukio lina mwanzo na mwisho wake, na mtu mwenye penseli anaweza kuliandika. Mwaka 1860 Henry Chadwick, mwandishi wa habari mzaliwa wa Exeter, Uingereza, alihariri kijitabu cha kila mwaka cha mchezo huo, Beadle's Dime Base-Ball Player, kilichouzwa senti kumi. Miaka minne baadaye Waingereza nao wakaanza kutoa Wisden, kitabu cha mwaka cha kriketi ambacho hadi leo hakijakoma.

Kwa zaidi ya miaka 100 vitabu vya besiboli vilikuwa ghala la nambari. Aliyeligeuza ghala hilo kuwa baraza ni Bill James, mlinzi wa usiku katika kiwanda cha maharagwe ya mikebe mjini Lawrence, Kansas. Mwaka 1977 alijichapishia The Baseball Abstract, kurasa 68, na akauza nakala 75 hivi. Humo alikuwa na tabia moja iliyobadilisha kila kitu: haanzi na jibu, anaanza na swali.

Chukua hili moja. Mlinzi hodari uwanjani ni yupi? Desturi ilikuwa kuhesabu makosa: kati ya mipira aliyoifikia, ameharibu mingapi? Mwenye makosa machache akasifiwa. James akaona kasoro. Mlinzi mzito wa miguu hafiki kwenye mipira migumu, na asipoufikia mpira hawezi kuuharibu, kwa hiyo daftari humpa alama nzuri kwa uzito wake. Mwenzake mwepesi huikimbilia hata ya mbali, mmoja unamponyoka, anaandikiwa kosa. James akapendekeza tuhesabu mipira ambayo mlinzi ameishughulikia ikazaa matunda katika kila mchezo. Ni kujumlisha na kugawanya, hesabu ya shule ya msingi. Lakini majina yalipanda na kushuka, na insha iliyofuata ikaeleza kwa nini, kwa lugha ya mtu anayebishana na rafiki.

Mwaka 1982 shirika kubwa la uchapishaji, Ballantine, lilikichukua kitabu, na mwaka 1988 James akakifunga. Wengine walishika kijiti: tangu 1996 Baseball Prospectus hutoa kitabu kinene chenye insha kuhusu kila timu na maelezo mafupi kuhusu mchezaji mmoja mmoja. Timu ya Boston Red Sox ilimwajiri James mwaka 2002, na mwaka 2004 ikatwaa ubingwa ambao haikuwa imeuona tangu 1918. Habari hiyo hupendwa kusimuliwa, ingawa kwangu siyo siri ya mvuto wa vitabu hivi. Siri imo katika neno mwaka. Kitabu hutoka kabla msimu haujaanza, kikitabiri nani atainuka na nani atachoka. Msomaji anapiga mstari kwa kalamu. Miezi sita baadaye anarudi ukurasa uleule kumhukumu mwandishi, na toleo lijalo mwandishi hana pa kujificha.

Huku kwetu kitabu kinachokaribiana nacho ni cha zamani. Maafisa wa wilaya wa kikoloni waliandika ripoti kila mwaka, za Embu na za Meru, zenye hesabu za kodi na maelezo marefu ya hali ya nchi, nazo zimehifadhiwa Nairobi katika Nyaraka za Kitaifa. Miongoni mwa maafisa hao alikuwa H. E. Lambert, aliyetumikia Meru miaka ya 1930. Ripoti hizo zina utajiri, ila zilihesabu kile serikali ilichotaka kutoza. Nyumba iliyolipiwa kodi iliingia kwenye hesabu. Taabu ya aliyeilipia haikuwa na safu yake.

Jedwali la bonasi nalo lina mlinzi wake mzito wa miguu. Bonasi ni malipo ya pili tu. Ya kwanza mkulima huyapata kila mwezi, kwa hiyo anayesoma bonasi peke yake anasoma sehemu tu ya mapato. Tena ni shilingi kwa kilo, na kilo ngapi zilitoka kwa kila mche haionyeshi. Mwanamke aliyechuma kwa uangalifu, majani mawili na kichipukizi, na mwenzake aliyejaza kikapu kwa majani magumu wanalipwa bei moja, ingawa kiwandani, ambako zinahitajika kilo nne na ushei za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu, ubora wa mchumo huo ndio unaoamua chai itafika mnadani na sura gani.

Natamani kitabu cha kila Oktoba, kila kiwanda na jedwali lake kamili na insha ya mtu anayeijua miteremko ile. Ukurasa wa kwanza ningewapa Rukuriri na Mungania, viwanda viwili vya kaunti moja, mlima mmoja, mnada mmoja. Mwaka wowote shilingi zao zikitofautiana, insha ianzie hapo: kuni kiasi gani zilichomwa kukausha kilo moja ya chai huku, na kiasi gani kule?